Waifai imejaa chumbani ila haifungui kitu, usiku ndo balaa kabisa: ninunue rauta kubwa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tabata, nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Nina faiba ya 20Mbps, mwezi wa nne sasa. Rauta iko sebuleni ndani ya kabati la tivii. Mchana pale sebuleni iko poa, ila chumba changu cha mwisho kule nyuma zamani ilikuwa inashika mstari mmoja tu. Fundi wa mtaani akasema ninunue ekstenda, nikanunua elfu sitini na tano nikaichomeka chumbani pembeni ya kitanda, sasa simu inaonyesha waifai imejaa lakini video inazunguka tu. Alafu ikifika saa mbili usiku hata sebuleni inasumbua. Fundi karudi anasema ninunue rauta ya antena sita, laki mbili na nusu. Mi nafanya kazi za mtandaoni, wateja wananilalamikia nakatikakatika. Nifanyeje?"

Nzuri dada yangu, pole sana na usumbufu. Hiyo laki mbili na nusu irudishe kwenye pochi kwanza, usinunue kitu chochote wiki hii. Ulivyoelezea hapo una matatizo mawili tofauti na wewe na fundi wako mmeyafanya moja, ndo maana kila dawa mnayojaribu haikamati. La chumbani ni lake, la saa mbili usiku ni lake.

Watu wengi tunaita kila kitu waifai. Waifai imekata, waifai imeisha, waifai ya jirani ina kasi. Lakini chukulia maji ya nyumbani kwako: kuna bomba linaloleta maji kutoka mtaani mpaka kwenye simtanki, alafu kuna mabomba yako ya ndani kutoka kwenye simtanki mpaka bafuni. Intaneti ni lile la mtaani, waifai ni haya ya ndani, na rauta ndo simtanki yenyewe. Ile alama ya waifai juu kwenye simu yako inakuonyesha bomba la ndani tu, kwamba simu na kile kifaa inachoongea nacho wanasikilizana. Haijui kabisa kama kwenye simtanki kuna maji. Kwa hiyo alama inaweza kujaa na usipate tone.

Na hapo ndo ekstenda yako ilipokudanganya. Umeiweka pembeni ya kitanda, sehemu ambayo simu ilikuwa inashika mstari mmoja, sasa na yenyewe ekstenda inashika mstari mmoja huohuo, haina masikio ya ajabu. Simu yako iko mita moja kutoka kwenye ekstenda kwa hiyo inaona imejaa, lakini ekstenda na rauta huko wanaongea kwa shida, neno moja wanarudia mara tano. Zaidi ya hapo ekstenda nyingi za bei hiyo zina redio moja tu, yani inabidi ipokee kutoka kwa rauta, inyamaze, alafu ndo ikutumie wewe kwenye chaneli ileile, haiwezi kufanya vyote kwa pamoja, kwa hiyo hata ikiwa mahali pazuri spidi inabaki kama nusu. Ekstenda haizalishi intaneti, inarudia ilichosikia. Ikisikia vibaya inarudia vibaya kwa sauti kubwa.

Jaribio la bure la leoleo: ing'oe hapo kitandani ichomeke koridoni, katikati ya sebule na chumba chako, sehemu ambayo simu yako bado inafungua vitu vizuri kwa waifai ya rauta yenyewe. Utaona chumbani alama inapungua lakini vitu vinafunguka. Siyo suluhisho la kazi za wateja, ila angalau utalala na video.

Sasa kabla hatujaenda mbali nataka upime, maana kupima ndo kazi yenyewe na mafundi wengi wanairuka wanaenda moja kwa moja kwenye kuuza. Chukua laptopu, tafuta ile kebo fupi iliyokuja na rauta (mara nyingi ya njano au nyeusi, iko bado kwenye boksi imefungwa kamba), ichomeke kwenye rauta na kwenye laptopu, zima waifai ya laptopu. Kama laptopu haina tundu la kebo basi kaa na simu mita mbili kutoka kwenye rauta, kabati likiwa wazi. Pima spidi mchana, pima tena saa mbili usiku, andika namba. Ukipata megabiti 18 mpaka 20 hivi kwenye kebo hata hiyo saa mbili, ujue mtoa huduma wako hana kosa na shida iko ndani ya kuta zako. Ukipata tatu kwenye kebo wakati nyumbani hakuna mwingine anayetumia, hapo hata ununue antena ishirini hazikusaidii kitu.

Hapo kwenye namba kuna kitu kinawachanganya wengi. Kifurushi cha 20 ni megabiti, na simu au laptopu ukishusha faili mara nyingi inakuonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo ukiona faili linashuka kwa 2.5 kwa sekunde usipige simu kugomba, hiyo ndo 20 yako kamili.

Alafu fanya hiki kipimo cha pili ambacho mi nakipenda kuliko spidi. Kwenye laptopu ya Windows bonyeza kile kitufe cha dirisha, andika cmd, ingia. Kitafunguka kidirisha cheusi. Andika ping 192.168.1.1 -t alafu ingiza (ping ni kumpigia mtu hodi na kupima anachukua muda gani kuitika, ms ni milisekunde, yani sehemu ya elfu ya sekunde). Hiyo namba ni anwani ya rauta yako, nyingine zinatumia 192.168.0.1 au 192.168.100.1, geuza rauta uangalie kibandiko cha chini imeandikwa. Fungua kidirisha cheusi kingine pembeni, andika ping 8.8.8.8 -t, hiyo ni seva ya Google. Sasa una vidirisha viwili vinatembea, cha kwanza kinapima bomba la ndani, cha pili kinapima njia nzima mpaka nje. Nenda na laptopu chumbani kwako bila kebo, kaa, angalia mistari inavyoshuka.

Kama kile cha rauta kinaandika 2ms, 3ms, 2ms, 5ms, ndani kuko safi. Kama kinaandika 4ms, 180ms, 9ms, 640ms alafu katikati inatokea Request timed out (yani jibu halijarudi), basi usiangalie hata kidirisha cha pili, waifai yako ni mbovu hapo ulipokaa na ndo inayokukata kwenye simu za wateja. Simu ya video haihitaji spidi kubwa, megabiti tatu nne za kwenda na za kurudi zinatosha kabisa, inachohitaji ni njia isiyokwamakwama. Na kama cha rauta kimetulia 3ms lakini cha 8.8.8.8 ndo kinaruka mpaka 900 na kukata, shida iko baada ya rauta. Ukitaka kusimamisha bonyeza Ctrl na C.

Naomba uviache vile vidirisha saa mbili usiku hasa, maana nina wasiwasi na kitu kimoja. Saa mbili nyumba zetu watu wanakuwa wamerudi, wameoga, simu zimechomekwa chaji. Na simu nyingi zimewekwa hivi: zikiona waifai, na baadhi zikiwa kwenye chaji, ndo zinaanza kupakia picha na video za siku nzima kwenda kuhifadhi kwenye wingu. Mtu alikuwa kwenye sherehe kapiga video thelathini, zote zinapanda kwa pamoja. Njia ya kupandisha ikijaa hata kushusha kunakufa, kwa sababu kila kitu unachoshusha simu yako lazima irudishe taarifa kwamba nimepokea, na hizo taarifa zinakaa foleni nyuma ya video za sherehe. Utaona 8.8.8.8 inatoka 30ms inakaa 1200ms muda wote bila kukatika. Hiyo ndo alama yake, inapanda na kubaki juu. Zima apu ya picha kwenye simu za wote kwa dakika kumi uone, ikishuka hapohapo mwizi mmempata. Tiba yake ni kuweka upakiaji ufanyike usiku wa manane, au kuingia kwenye setingi za rauta uangalie kama ina sehemu ya QoS uipe laptopu yako kipaumbele. Kamera za ulinzi zinazorusha video kwenye wingu nazo ni hivyohivyo, kamera nne zinakula njia ya kupandisha masaa ishirini na nne na hakuna anayezikumbuka.

Ikiwa siyo hiyo, cha pili ninachokishuku saa mbili ni majirani. Rauta nyingi zinarusha waifai kwenye masafa mawili, 2.4GHz na 5GHz. Ya 2.4GHz ina chaneli kumi na tatu kwa majina lakini zinapandiana, zisizogusana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Tabata nyumba zimebanana, ukifungua apu ya kuchambua waifai kwenye simu ya Android unaweza kuona rauta ishirini, kumi na mbili zote ziko chaneli ya 6. Mchana majirani wako kazini, usiku wote wamewasha. Waifai ina adabu yake, kifaa kinasikiliza kwanza kama kuna mwingine anaongea kinasubiri, sasa mkiwa kumi na mbili kwenye chumba kimoja kila mtu anasubiri mwenzake. Ingia kwenye rauta, kwenye 2.4GHz badilisha chaneli ukae ile yenye watu wachache kati ya hizo tatu, na upana weka 20MHz, siyo 40. Usiende ya 3 au ya 9 ukidhani umejificha, hapo utapigiwa kelele na pande zote mbili.

Ila dawa kubwa ya majirani ni 5GHz, na rauta nyingi za faiba za siku hizi zinayo. Yenyewe ina chaneli nyingi na haipenyi sana ukuta, ambayo ni faida kwako maana ya jirani nayo haipenyi kuja kwako. Tatizo rauta nyingi zinakuja na jina moja kwa zote mbili na simu inachagua yenyewe, na simu zetu zina uvivu, ikishaganda kwenye 2.4 haitoki. Zitenganishe majina, moja iite vyovyote na nyingine uongeze 5G mwishoni (siyo ile 5G ya minara, ni jina tu), laptopu ya kazi iunge kwenye 5GHz ikiwa chumba kimoja na rauta.

Tuje kwenye hilo kabati. Toa rauta humo leo. Nyuma ya tivii kuna bati, pembeni kuna king'amuzi na subwufa, juu mbao, mbele kioo, umeifungia stoo alafu unataka isikike chumba cha nne. Iweke juu ya kabati au itundike ukutani usawa wa kichwa cha mtu mrefu, sehemu ya wazi. Antena zisimamishe wima. Watu wanaielekezea antena chumbani kama bunduki, kumbe mawimbi yanatoka ubavuni mwa antena, yamekaa kama tairi lililolala na antena imepita kwenye tundu la katikati, ukiilaza ikaelekea chumbani kwako umejiweka kwenye tundu, yani sehemu dhaifu kuliko zote. Na antena sita za laki mbili na nusu zinafuata sheria hiyohiyo. Isitoshe mazungumzo ni ya watu wawili, rauta inaweza kupiga kelele ikasikika mpaka kwa jirani lakini simu yako ina kiantena kidogo na betri, na yenyewe lazima isikike ikijibu.

Kuta nazo. Tofali za bloku zilizopigwa plasta mawimbi ya 2.4 yanapita moja mbili bila shida kubwa, ya tatu yanachoka. Nguzo na slabu zenye nondo ni mbaya zaidi. Kioo kikubwa cha kabati la nguo kina rangi ya madini nyuma, kinarudisha mawimbi kama kinavyorudisha sura yako. Friji, simtanki, tangi la samaki, vyote vinakula, maji hasa. Niliwahi kuitwa Mji Mkongwe Zanzibar kwenye nyumba ya zamani ya mawe, ukuta mnene unaweza kukaa dirishani ukanyoosha miguu, rauta iko upande huu na chumba cha upande wa pili hakioni hata jina la waifai. Pale hakuna antena, tulipitisha kebo tu tukamaliza.

Na kwako naona tutaishia hapohapo kwenye kebo. Chumba cha mwisho, kazi za wateja, sitaki nikudanganye na vifaa vya kurukaruka hewani. Nunua kebo ya mtandao ya Cat6 mita ishirini au thelathini kulingana na nyumba, uliza ya shaba tupu, siyo ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba ambayo ni rahisi na inavunjika kwenye kona. Kwa kebo hizi mwisho ni mita mia moja kwa hiyo uko salama. Ipitishe juu ya dari au pembeni ya skatingi. Hakikisha fundi anabana nyaya zote nane kwenye kile kichwa cha plastiki, wengine wanabana nne maana taa inawaka na 20 yako inapita, siku ukipanda kifurushi cha zaidi ya 100 ndo utashangaa inagoma hapo. Chumbani unachomeka laptopu moja kwa moja, na kama unataka na simu ishike basi weka rauta ya zamani mwisho wa kebo, ile uliyoacha kutumia huna kazi nayo. Ingia ndani yake uzime DHCP (ile kazi ya kugawa anwani kwa vifaa), ipe anwani tofauti kama 192.168.1.2, jina na pasiwedi weka sawa na ya sebuleni, kebo ichomeke kwenye tundu la LAN, siyo lile la WAN lenye rangi tofauti. Usipozima DHCP utakuwa na mababa wawili wanagawa anwani nyumba moja, leo inashika kesho haishiki, utanitafuta tena.

Kuna vitu vidogo nitavipitia haraka. Ukiona WhatsApp inaenda lakini tovuti hazifunguki, mara nyingi ni DNS, kile kitabu cha majina, kwenye setingi za waifai weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 ujaribu, na kwenye Android angalia sehemu ya DNS ya faragha hakuna mtu aliyeandika kitu humo. Ukiona laptopu imepewa anwani inayoanza na 169.254 ujue haijapewa anwani na rauta kabisa imejitungia yenyewe, zima washa rauta. Pasiwedi badilisha ile ya kibandiko, aina ya ulinzi weka WPA2 au WPA3, zima WPS (ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba bila pasiwedi), alafu hesabu vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kumi na saba na nyumbani mko watano basi kuna mtoto kagawa mtaa mzima.

Na angalia taa. Kwenye kile kifaa cha faiba, taa ya PON ikiwaka imetulia kijani ni nzuri, LOS ikiwaka nyekundu mwanga haufiki, hapo piga simu kwa mtoa huduma usihangaike na lolote. Ila kabla ya kupiga tazama ule uzi mwembamba wa faiba haujakunjwa nyuma ya kabati, ndani yake ni kioo, ukikunja kona kali mwanga unatoka nje. Ukiwa unahamisha rauta kutoka kwenye kabati uuvute taratibu, uache na mviringo mkubwa.

Cha adapta nikuambie yangu mwenyewe maana inanichekesha mpaka leo. Umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza adapta ya rauta yangu, nikachukua ya king'amuzi cha zamani, tundu limeingia, volti 12 kwa 12, ikawaka safi. Wiki mbili nikawa nampigia mtoa huduma kila usiku, namkaripia kijana wa watu, intaneti inakata kila watu wakijaa nyumbani. Siku moja nimekaa nayo karibu nikaona taa zote zinazima na kuwaka upya. Nikageuza adapta nikasoma: 0.5A. Rauta inataka 1.5A. Ikiwa na simu moja inavumilia, wakiingia watu sita inashindwa inajizima. Kwa hiyo na wewe saa mbili usiku kaa uitazame rauta dakika tano, kama taa zote zinazima kwa pamoja na kuanza moja moja, siyo majirani wala picha, ni umeme wa adapta au joto la hilo kabati.

Baada ya yote hayo ikionekana kebo na yenyewe iko chini saa mbili, piga kwa mtoa huduma ukiwa na namba mkononi: tarehe, saa, spidi kwenye kebo, ping ya rauta na ping ya 8.8.8.8. Ukiwaambia tu waifai iko slo watakwambia zima washa, au watakuuzia kifurushi kikubwa. Ukiwasomea "kwa kebo, saa mbili na robo, siku tatu mfululizo napata 3 kati ya 20, ping ya rauta 1ms" inabidi wakupandishe kwa mtu anayeelewa. Japo kuna siku hata wao hawana la kufanya, kama ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika ukanda wa huku kusini na nchi kadhaa Tanzania ikiwemo zikapoteza mtandao. Siku hiyo wateja wangu wawili walibadilisha rauta.

Anza na kabati na kutenganisha majina, ni dakika ishirini. Kesho usiku vile vidirisha viwili, alafu niandikie ulichokiona: kebo mchana, kebo saa mbili, na ping ya rauta ukiwa kitandani. Kama chumba chako kina kile kioo kikubwa cha kabati la nguo kwenye ukuta wa upande wa sebule, niambie pia.